Zana Namba Kumi na Nne

Haya hayakutokea kwenu, msiwe na wasiwasi. Yalitokea katika Jamhuri yetu, ambayo jina lake silitaji, kwa sababu kulitaja jina la Jamhuri katika maandishi kunahitaji kibali cha kurasa nne, na ofisi inayotoa vibali hivyo imefungwa tangu mwaka juzi kupisha upakaji rangi wa kibao chake. Mimi ni mwalimu tu. Naitwa Gaudensi, nafundisha darasa la saba katika shule ya msingi iliyo mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka mjini. Ninayoyasimulia nayasimulia kwa heshima na utii. Mkiona sauti yangu imepoa, mnisamehe. Zamani haikuwa hivi.

Mambo yalianza pale Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Usawa na Mambo Mengineyo aliporudi kutoka mkutano wa nje. Huko walisomewa orodha ya nchi kwa kiwango cha usawa mashuleni, na Jamhuri yetu ikawa ya mwisho. Waziri aliuliza kwa upole kama orodha haikushikwa juu chini. Akaambiwa hapana. Alipotua uwanja wa ndege, kabla hata hajapokea maua, akatoa tamko.

"Usawa utakamilika ifikapo tarehe thelathini na moja Desemba," alisema. "Na yeyote atakayechelewa kuwa sawa na wenzake, sheria itafuata mkondo wake."

Tulifurahi. Sisi hufurahi tunapopewa tarehe.

Ndipo yakaanzishwa Mafunzo Kabambe ya Usawa na Ujumuishi kwa Walimu. Walimu wote wa Jamhuri wangepita humo, arobaini arobaini, kila awamu siku tano, Jumatatu hadi Ijumaa. Kaulimbiu ilikuwa "Kila Mtoto Mbele." Mwalimu mmoja wa wilaya jirani aliuliza, kama watoto wote watakuwa mbele, nyuma atabaki nani. Lilikuwa swali zuri na alipongezwa papo hapo. Siku hizi anafundisha kule mpakani, kwenye shule ambayo bado haijajengwa.

* * *

Sasa nimtaje Nyamizi, maana habari hii ni yake.

Nyamizi alikuwa na miaka kumi na tatu na macho yake hayakuona vizuri. Si kipofu. Alikuwa anaona mwanga, anaona umbo la mtu, na herufi ukimwandikia kubwa kiasi cha ngumi. Nilimweka dawati la mbele kabisa, nikawa naandika ubaoni kwa herufi hizo, na ubao ukijaa baada ya maneno kumi nafuta naanza upya. Vumbi la chaki lilinimaliza kifua. Lakini mtoto yule kwa Hisabati, jamani! Ulikuwa hujamaliza swali, yeye ameshajibu, na hapo anaomba radhi kwa kukukatiza.

Kulikuwa na shule moja ya bweni, ya serikali, iliyopokea watoto wa macho hafifu na kuwapa vitabu vya maandishi makubwa mpaka kidato cha nne. Ilikuwa moja tu, na kuingia ni kwa kufaulu mtihani wa darasa la saba. Mtihani hauna marudio: usipoufanya, jina linafutwa, basi. Mama yake, ambaye tulimwita Mama Nyamizi na ambaye alifanya kazi kwenye mashine ya kusaga unga, alinishika mkono siku moja akaniambia, "Mwalimu, huyu nikimkosesha hiyo shule atakaa na mimi mashineni. Na mashineni kuna mikanda inazunguka. Haoni." Nikamwahidi kwamba atafanya mtihani.

Ili afanye, alihitaji karatasi ya mtihani ya maandishi makubwa, na karatasi hiyo huombwa kwa Fomu Namba Tisa, yaani Fomu ya Mtoto Mwenye Mahitaji Maalumu. Mwezi Januari fomu ilikuja, moja kwa wilaya nzima, nayo ilikuwa na mstari mmoja. Watoto wa namna hiyo wilayani nawajua kumi na mmoja kwa sura. Niliamka alfajiri, nikatembea mpaka ofisi ya wilaya, nikafika wa kwanza, nikaandika jina la Nyamizi kwenye mstari ule, na wote waliokuja baada yangu wakakuta umejaa. Nilijiona mjanja kweli kweli. Njiani nikirudi nilikuwa napiga mluzi.

Kwa hiyo takwimu za Jamhuri zikaonyesha kuwa wilaya yetu ina mtoto mmoja mwenye mahitaji maalumu.

* * *

Mwongozo wa Mafunzo ulikuwa na kurasa mia nne na kumi na mbili. Sura inayohusu watoto wenye uoni hafifu ilichapwa kwa herufi ndogo sana ili kubana matumizi ya karatasi, na mkurugenzi wa Mafunzo mwenyewe aliisoma kwa msaada wa kioo cha kukuzia. Ukurasa wa sita ulikuwa na orodha ya zana zinazotakiwa katika kila kituo. Namba moja, bango kitita na stendi yake. Namba mbili, kalamu za wino mzito, ishirini na nne. Ikaendelea na gundi, mkasi, kamba, kengele ya mezani. Namba kumi na nne: mtoto mwenye mahitaji maalumu, mmoja, halisi.

Neno "halisi" liliwekewa mstari chini. Mkoa fulani ulikuwa umetumia mwanasesere katika awamu ya majaribio, na wakaguzi walichukizwa.

Barua ikaja shuleni ikinitaka mimi, kama mjazaji wa Fomu Namba Tisa, kumkabidhi mtoto kituoni, katika chuo cha ualimu cha mjini, tarehe kumi na mbili Februari.

"Ni siku tano tu, Mama Nyamizi," nilimwambia mama yake mashineni, nikipaza sauti kushinda injini. "Atalala bwenini kwa matroni, atakula vizuri, na walimu wataona jinsi ya kuwafundisha watoto kama yeye."

"Siku tano si neno, Mwalimu," alisema, akajipangusa unga usoni. "Ilimradi asipitwe na masomo."

Chuoni tulipokelewa na mtunza stoo, Mzee Chikoti, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Shikamoo, mzee," nilisema.

"Marahaba, Mwalimu. Umeileta?"

"Nimeleta mwanafunzi. Anaitwa Nyamizi."

"Jina halina safu," alisema, akifunua leja yake. "Nina safu ya namba, aina, idadi na hali. Hali yake ikoje? Mpya, au imetumika?"

"Ana miaka kumi na tatu, mzee."

Akafikiri kidogo. "Imetumika," akaandika, huku akitamka herufi moja moja, "ila inafaa."

Nyamizi alicheka. Siku zile alikuwa bado anacheka. "Shikamoo, babu," akasema, akielekeza uso upande wa ile sauti.

"Marahaba, mjukuu wangu," alijibu Mzee Chikoti, kwa upendo kabisa. Akampa kikombe cha chai na andazi, halafu akampachika kifuani kikaratasi kilichoandikwa Z/14. Mimi nikatia saini mahali pa mkabidhi. Saini yangu ilitoka nzuri siku hiyo.

* * *

Niliruhusiwa kushuhudia kipindi cha Jumanne, nikisimama karibu na mlango. Mwezeshaji Mkuu alikuwa Daktari Audifasi Rwemba, mtu mrefu, mwenye suti ya rangi ya majani na sauti iliyozoea vipaza sauti hata pasipokuwa na kipaza sauti.

"Nasimama mbele yenu, itifaki zote zikiwa zimezingatiwa," alianza, na itifaki hizo zikachukua robo saa. "Ndugu washiriki, usawa ni nini? Usawa ni ile hali ya kutokuwepo kwa hali ya kutokuwa sawa. Makofi ya kilo tatu!"

Walimu arobaini wakapiga makofi ya kilo tatu, kwa mpigo, kama ilivyo desturi ya semina zetu.

Nyamizi alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki juu ya jukwaa, kati ya bango kitita na kengele. Daktari akamsogelea.

"Sura ya Saba, Vitendo. Mtoto! Ukiachwa nyuma, unajisikiaje?"

Nyamizi alifikiri, kwa sababu nilimfundisha kufikiri kabla ya kujibu. "Sijui," akasema. "Sijawahi kuachwa. Mwalimu Gaudensi ananikalisha mbele."

Daktari alifunua Mwongozo, akafunua tena, akaita msaidizi, nao wakainamia kurasa kwa muda. Nilisikia raha ya siri kifuani, ile raha ya mwalimu mwanafunzi wake anapojibu sawasawa.

"Jibu hilo halimo," Daktari alitangaza. "Ukurasa wa mia mbili na tatu, mtoto anajibu: 'Najisikia vibaya.' Tunarudia. Mtoto! Ukiachwa nyuma, unajisikiaje?"

"Najisikia vibaya," alisema Nyamizi, akiwa na haya.

"Makofi ya kilo tano!"

Wengine walitoa leso.

* * *

Ijumaa nilikwenda kumchukua. Mzee Chikoti alikuwa anahesabu kalamu.

"Haitoki," alisema bila kuinua kichwa. "Awamu ya pili inaanza Jumatatu."

"Mzee, waliniambia siku tano."

"Siku tano ni za washiriki. Zana ni za kituo." Akageuza leja niione. "Tazama mwenyewe. Nimepokea kalamu ishirini na nne, gundi nane, mtoto mmoja. Mkaguzi akija akakuta pungufu, nani ataulizwa? Wewe?"

"Awamu ziko ngapi?"

"Thelathini na moja."

Nilihesabu kwa vidole pale pale mbele yake. Wiki thelathini na moja kutoka Februari zinaangukia wiki ya pili ya Septemba. Mtihani ulikuwa Jumatano ya wiki ya pili ya Septemba. Nikahesabu tena kwa kuanzia nyuma, ikaja vile vile.

Nilikasirika. Nakumbuka nilikasirika, nilipiga hata meza, na Mzee Chikoti akaniomba nisipige meza kwa sababu ilikuwa zana namba tisa. Nikaomba radhi. Nikaenda kwa mkuu wa chuo, akanipeleka kwa katibu wa mafunzo, katibu akanieleza kwamba zana hutoka kituoni kwa sababu mbili tu: ikiharibika, au ikibadilishwa na nyingine ya aina ile ile. Nami nilijua, na yeye alijua, kwamba kwa mujibu wa takwimu, wilayani hakukuwa na nyingine.

"Mwalimu, mimi sijasoma," aliniambia Mama Nyamizi jioni hiyo. "Nieleze kama mjinga. Hao walimu wanafundishwa nini?"

"Wanafundishwa jinsi ya kumfundisha Nyamizi."

"Wote hao?"

"Wote. Elfu moja mia mbili na arobaini."

"Na nani anamfundisha Nyamizi?"

Nikamwambia nitaandika barua.

* * *

Wiki zikapita. Niliandika masomo ya kila wiki kwenye daftari kwa herufi kubwa, maneno sita kwa ukurasa, na Mama Nyamizi akawa anampelekea Jumamosi. Daftari zilikuwa zinaisha kama njugu. Machi nikaenda nazo mwenyewe. Nilimkuta nyuma ya bwalo, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, pua imegusa karatasi, anafanya hesabu za vipeo. Hakuwa ameonewa, msije mkadhani. Alinenepa kidogo. Matroni alikuwa anamsuka nywele vizuri sana.

"Shikamoo, Mwalimu. Darasani mmefika wapi?"

"Marahaba. Tumefika maumbo. Mche duara."

"Mimi sijafika huko. Lakini Mwongozo naujua wote kwa kusikia. Daktari akisahau, mimi ndiye namkumbusha. Niulize ukurasa wowote."

"Ukurasa wa themanini na nane," nilisema, ilimradi niseme kitu.

"'Mtoto asiondolewe darasani kwa sababu yoyote ile,'" alisoma kwa kichwa, haraka haraka, kama anavyosoma jedwali la kuzidisha. "'Kumwondoa ni kumnyima haki yake ya msingi. Mwezeshaji atulie kidogo hapa ili washiriki watafakari.'"

Akatulia kidogo, kama Mwongozo unavyoelekeza. Mimi nikatazama kuku wa matroni.

Wakati huo nilikuwa bado naumia. Nilikuwa nalala kwa taabu, nakosa hamu ya kula, namjibu mke wangu ovyo. Mwezi Mei maumivu yakapungua. Mwezi Juni niligundua kwamba nimepita na baiskeli mbele ya chuo bila kugeuza kichwa. Sikusikia kitu. Nilijiuliza kama naumwa, kisha nikajibu barua ya Wizara iliyotaka nijaze dodoso la kuridhika kwangu na usawa, kwa kipimo cha moja hadi tano. Niliweka nne.

Barua zangu mwenyewe zilikuwa tisa. Jibu lilikuja Agosti, likiwa na mhuri mwekundu. Wizara ilinishukuru kwa moyo wangu wa kuuliza. Ilisikitika, hata hivyo, kuona kwamba mwalimu mmoja, kwa ajili ya mtoto mmoja, yuko tayari kuwanyima walimu elfu moja mia mbili na arobaini nafasi ya kujifunza umuhimu wa mtoto mmoja. Hili lilionyesha uelewa mdogo wa dhana ya usawa. Kwa hiyo nilikuwa nimeingizwa katika mafunzo, awamu ya thelathini na moja, wiki ya pili ya Septemba. Kutohudhuria, au kutoka ukumbini kabla ya kipindi kufungwa, kungehesabiwa kuwa utoro kazini.

Hilo la utoro halikuwa tishio la mdomo. Awamu ya kumi na tisa, mwalimu mmoja alitoka ukumbini kwenda kumzika shangazi yake. Alifutwa kazi akiwa makaburini, na barua ikasomwa pale pale baada ya salamu za rambirambi.

Chini ya barua yangu palikuwa na habari njema: ombi la karatasi ya maandishi makubwa limekubaliwa. Karatasi ingefika shuleni siku ya mtihani, na jina la Nyamizi juu yake.

* * *

Jumatatu na Jumanne za awamu ya thelathini na moja zilikwenda kwa ufunguzi. Mgeni rasmi alichelewa siku moja na nusu, na kwa kuwa hakuna linaloruhusiwa kufundishwa kabla ya kufunguliwa, tulikaa tukiimba wimbo wa kumkaribisha. Tuliuimba mara arobaini na mbili. Ni wimbo mzuri.

Kwa ajili hiyo Sura ya Saba, ambayo huwa ya Jumanne, ikasogezwa Jumatano.

Jumatano asubuhi Mama Nyamizi alikuwa getini. Alivaa gauni lake la kanisani. "Leo ni leo, Mwalimu," aliniambia. Mkononi alikuwa na penseli mbili zilizochongwa na rula. "Mlinzi kanizuia. Wewe unaingia. Mtoe."

"Nitajaribu, Mama Nyamizi."

"Usijaribu. Mtoe."

Alinipa penseli na rula, nikazitia mfuko wa shati. Nilitaka kumwambia neno la kumtia moyo, nikatafuta ndani yangu, sikulipata. Nikaingia nikatia saini daftari la mahudhurio.

Saa tatu jina langu likaitwa, nikaitika. Pale jukwaani niliona kichwa cha Nyamizi kikigeuka upande wangu. Alikuwa amepakata begi lake la shule, limefungwa vizuri, na juu ya sweta la shule kikaratasi chake cha Z/14. Sijui nani alimruhusu kupanda jukwaani na begi. Nadhani ni Mzee Chikoti, maana alikuwa amesimama mlangoni anaangalia chini.

Daktari Audifasi alizingatia itifaki. Alieleza usawa. Tukapiga makofi ya kilo tatu. Kisha akamsogelea.

"Mtoto! Ukiachwa nyuma, unajisikiaje?"

"Leo ni mtihani," alisema Nyamizi.

Daktari alitabasamu kwa walimu. "Zana imechoka kidogo, ni awamu ya mwisho. Tunarudia. Mtoto! Ukiachwa nyuma, unajisikiaje?"

"Mwalimu Gaudensi, saa ngapi sasa?" aliuliza. Hakuwa anaiona saa ya ukutani. "Nimekusikia ulipoitika. Saa ngapi?"

Walimu thelathini na tisa wakanitazama. Nikatazama saa.

"Saa tatu na dakika hamsini," nilisema.

"Kipindi cha kwanza cha mtihani kimeshapita," alisema, taratibu, kama mtu anayekokotoa. "Cha pili ni Hisabati, saa tano. Kwa miguu ni saa moja. Kwa baiskeli ni nusu saa. Una baiskeli, Mwalimu?"

"Ninayo."

"Basi tunawahi."

Nikasimama. Nataka hili mlijue, kwa sababu watu husema sikusimama. Nilisimama, nikasukuma kiti, nikapita kati ya meza mpaka mbele. Miguu ilikwenda yenyewe. Nyamizi alisikia hatua zangu, naye akasimama, akavaa begi mgongoni, akanyoosha mkono kunitafuta.

"Washiriki!" Daktari Audifasi alinguruma kwa furaha. "Tazameni! Sijamaliza hata kutangaza zoezi, na tayari tumepata wa kujitolea! Zoezi la saba nukta nne: mshiriki mmoja mmoja anapita mbele, anamtamkia mtoto ahadi. Mwalimu huyu ni mfano. Makofi ya kilo kumi!"

Makofi ya kilo kumi ni mengi. Ukumbi ulitetemeka. Daktari akaniwekea Mwongozo mikononi, umefunguliwa ukurasa wa mia mbili na kumi na moja, akanionyesha sentensi kwa kidole. Mlangoni Mzee Chikoti alikuwa amesogea pembeni. Njia ilikuwa wazi, upana wa watu wawili. Nilihesabu: hatua kumi na mbili mpaka mlangoni, baiskeli iko chini ya ngazi. Nikahesabu pia miaka kumi na minane ya kazi, na watoto wangu wanne, na barua inayosomwa makaburini. Makofi yakakoma. Watu wote walikuwa wananingoja, na mkono wa Nyamizi ulikuwa bado uko hewani, karibu kabisa na shati langu.

Nilingoja nisikie kitu moyoni kinisukume. Nilingoja kwa kweli. Hakikuja.

"'Mpendwa mtoto,'" nilisoma, "'nakuahidi kwamba hutaachwa nyuma.'"

Mkono ukashuka. Alisimama hivyo kwa muda, uso wake ukielekea kwangu, nami najua kwamba kwa umbali ule alikuwa anaona umbo tu, la mtu yeyote. Akavua begi. Akalisukuma chini ya kiti kwa mguu, akaketi, akaweka mikono magotini.

"Asante, mwalimu," alisema, kama ukurasa unavyotaka, na kwa sauti ile ile akawajibu wote thelathini na tisa waliopita baada yangu.

Nilifaulu mafunzo kwa alama tisini na nane. Mbili nilikatwa katika zoezi la saba nukta nne, kwa kuwa ahadi yangu haikusikika vizuri mwisho wa ukumbi.